Isomwe orodha kabla ya kushuka duarani

Kamati ya harusi Kahama haianzi kikao bila daftari. Katibu anasoma kwa sauti: viti ni vya nani, maji analeta nani, mpishi kalipwa kiasi gani. Asiyejua anauliza, aliyesahau anakumbushwa. Kwa nini basi wachimbaji wanaoshuka duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi, juu ya vichwa vyao kukiwa na tani za mawe, waridhike na "Tupo wote?"

Oktoba 2015 ardhi iliporomoka Nyangarata, Kahama. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, watu wengi wakiwa wamekwishakata tamaa. Januari 2017 wachimbaji 15 waliokolewa Geita. Agosti 2025 kifusi kiliwafunika watu 25 Nyandolwa, Shinyanga. Karatasi haizuii mwamba kuanguka, na hatusemi ingezuia ajali hizo. Tunachodai ni kidogo, na kinawezekana kesho asubuhi.

Kila mwenye duara aweke ubao pale juu. Kabla ya shifti msimamizi asome, wenzake wajibu: matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, yamekaguliwa leo, na nani? Kamba ya winchi? Hewa? Maji yameongezeka? Kisha yaandikwe majina ya wote wanaoshuka, na kila anayepanda jina lake lifutwe. Siku ya balaa waokoaji wasipoteze hata saa moja wakibishana walioko chini ni wangapi.

Kusoma orodha kwa sauti kumekwishajaribiwa kwingine. Hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 na 2008. Katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile ina jambo moja tunalolipenda kuliko yote: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Aliyekwisha kusema mara moja haogopi kusema tena.

Duarani, anayeiona timba iliyopasuka huenda akawa kijana mdogo kuliko wote. Hunyamaza asije akaitwa mwoga, au akakosa mgao. Ubao umpe zamu yake ya kusema. Akisema pameharibika, hakuna kushuka hadi parekebishwe, na mgao wake usiguswe.

Wakaguzi wa Tume ya Madini nao, wakifika mgodini, kabla hawajauliza leseni waulize: majina ya walioko chini sasa hivi yako wapi?