Mwendokasi: Kwa nini mabasi mapya peke yake hayatamaliza foleni

Kila nyomi inapozidi Kimara au Gerezani, dawa inayotajwa ni ileile: mabasi yaongezwe.

Hoja hiyo ina msingi. Mwendokasi ilipoanza Dar es Salaam Mei 2016, njia ya takriban kilomita 21 ilipata mabasi 140, wakati mpango wa awamu hiyo ulitaka 305.

Ila kuna swali ambalo huulizwa mara chache: hayo yaliyopo yanapitaje?

Hesabu ya kusubiri

Basi likipita kila dakika 5, abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri wastani wa dakika 2 na nusu.

Sasa mabasi hayohayo yakiongozana mawili mawili kila baada ya dakika 10, wastani unapanda hadi dakika 5. Hakuna basi lililopungua, lakini muda wa kusubiri umekuwa mara mbili. La mbele linajaza mpaka mlangoni, la nyuma linapita na viti vitupu.

Foleni ya kwenye kompyuta

Tatizo la aina hii linaweza kupimwa kwa uigaji wa kompyuta. Programu inachora njia nzima: vituo, taa za barabarani, mabasi, na abiria wanaoingia na kushuka. Kisha mpangaji anaanza kujaribu.

- Basi likishikiliwa dakika moja Ubungo ili lisilifuate la mbele kwa karibu, itakuwaje?
- Asubuhi, mabasi mengine yakianzia katikati ya njia kwa sababu ya Kimara yanafika yamejaa?
- Mvua ikifunga Jangwani, abiria wapitishwe wapi?

Majibu yanapatikana bila mtu hata mmoja kuchelewa kazini. Na vifaa si ghali: SUMO, programu ya uigaji wa trafiki kutoka kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, inapatikana bure tangu 2001.

Kompyuta nayo hudanganyika

Gharama kubwa iko kwenye takwimu. Abiria wangapi wanaingia kila kituo, na saa ngapi? Wanashukia wapi? Milango inakaa wazi sekunde ngapi? Mabasi mangapi yametoka leo, na mangapi yako gereji?

Ukiiambia programu kwamba mabasi yote yako barabarani wakati mengine ni mabovu, itakuonyesha foleni fupi ambayo Kimara hakuna anayeijua.

Mtandao umekuwa ukipanuliwa kuelekea Mbagala na Gongo la Mboto. Njia ya Mbagala tayari imetoa somo: barabara ilikamilika, ikakaa muda mrefu ikisubiri mabasi. Kabla ya fedha nyingine kutoka, wananchi wana haki ya kuuliza ratiba mpya imejaribiwa wapi kwanza, kwenye skrini au migongoni mwa abiria.