Glavu za Kennedy Otieno zifike Kangari

Hebu simama steji ya Kangari uulize vijana kumi golikipa wa Arsenal ni nani. Utajibiwa kabla matatu ya Thika haijajaa. Kisha uliza Kennedy Otieno ni nani. Kimya.

Basi wewe mjue leo. Kennedy Otieno, ambaye wengine humwita Kennedy Obuya, alikuwa mlinda wiketi wa timu ya taifa ya kriketi. Huyo ndiye huchuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu akiwa na glavu. Kwenye mechi ya siku moja, timu hutupiwa hadi mipira 300, na mlinda wiketi hawezi kusinzia hata kwa mmoja. Zamu ya kupiga ikifika, Kennedy alikuwa akivua glavu, anachukua gongo na mara nyingi anatangulia uwanjani kukabili mpira ungali mpya na mkali. Mtu mmoja, kazi mbili.

Na si ati alikuwa wa kujikinga tu. Mwaka wa 1996, Kenya ikicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, alipiga mikimbio 85 dhidi ya Australia ya kina Shane Warne. Mwaka uliofuata jijini Nairobi aliwachapa Bangladesh mikimbio 144. Mnamo 2003, tukiwa nyumbani, alifunga 60 naye ndugu yake Collins akang'oa wiketi tano, Sri Lanka wakalala. Kenya ilifika nusu fainali mwaka huo. Ndiyo, Kenya hii yetu.

Sasa tuko wapi? Mnamo 2014 tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Jirani zetu Uganda ndio walioenda Kombe la Dunia la T20 mwaka wa 2024, na wakashinda mechi huko. Sisi tulitazama kwenye simu.

Wengi hulaumu vurugu za viongozi wa mchezo huu, na ni kweli zilituumiza. Lakini kuna jambo lingine tusilopenda kulisema: kriketi yetu ilibaki kwenye vilabu vichache vya miji mikubwa, hasa Nairobi. Mtoto anayekimbia miteremko ya majani chai hapa Kangari, au anayecheza Ruring'u kule Nyeri, anaweza kumaliza shule bila kushika gongo hata siku moja. Talanta yake utaijuaje?

Tunasema hivi: kaunti za Mlima Kenya zinapotenga pesa za michezo, zisiishie kwa jezi za kandanda kila msimu wa siasa. Seti moja ya magongo, glavu na vijiti inaweza kutumiwa na shule kadhaa kwa zamu. Walimu wafunzwe. Kriketi inarudi Olimpiki Los Angeles 2028, kwa hivyo usiambiwe ni mchezo usio na mbele.

Nawe usingoje serikali. Ubao mmoja, mpira wa tenisi, vijiti vitatu na uwanja wa shule Jumamosi vinatosha kuanza. Kisha tafuta yule rafiki yako mwenye mikono myepesi, asiyeogopa mpira. Mpe nafasi nyuma ya vijiti. Huenda ndiye tunayemtafuta.