Madalali, Gawaneni Kamisheni Waziwazi

Hapa Kampala, anayetafuta fremu ya duka karibu na Kikuubo hupata madalali wengi kuliko fremu zenyewe. Mmoja anamjua mwenye jengo. Wa pili ndiye aliyemleta mpangaji. Wa tatu alipiga simu tu, lakini naye anadai haki yake. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mimi nasema chanzo cha ugomvi huu si wingi wa madalali. Chanzo ni kufanya kazi bila mapatano. Dalali haoneshi fremu kwa mwenzake kwa sababu anaogopa kurukwa: mwenzake atakwenda moja kwa moja kwa mwenye jengo na kula peke yake. Basi anaficha, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Fremu inabaki tupu, mwenye jengo hapati kodi, na dalali mwenyewe analala njaa.

Anayeumia zaidi ni mpangaji. Tuseme kodi ni shilingi 800,000 kwa mwezi na kamisheni ni kodi ya mwezi mmoja. Madalali wawili wakigawana, kila mmoja anapata 400,000 na mpangaji analipa mara moja. Wasipogawana, kila mmoja anadai 800,000 yake, au wanaweka cha juu kwenye kodi bila mwenye jengo kujua. Mfanyabiashara mdogo anafungua duka mtaji ukiwa umeshaliwa.

Wapo wanaouliza, "Nimetafuta mwenyewe, kwa nini nimgawie mtu?" Nawajibu: mmetafuta nusu. Fremu isiyo na mpangaji haimlipi mtu, na mpangaji asiye na fremu pia halipi.

Wengine wanasema kugawana ni njama ya kumkamua mteja. Hoja hii ina uzito. Nchini Marekani, chama kikubwa cha madalali kilichoanzishwa mwaka 1908 kilikubali mwezi Machi 2024 kulipa dola milioni 418 ili kumaliza kesi za watu waliouza nyumba zao. Wauzaji hao walilalamika kwamba walilazimishwa kumlipa hata dalali wa mnunuzi. Kwangu mimi, somo si kwamba madalali wasigawane. Somo ni kwamba mteja ajue nani analipwa, kiasi gani, na kwa fedha ya nani.

Hapa Uganda, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa upangaji wa shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Ikiwa mwenye jengo na mpangaji wanaandikiana, madalali wanaona haya gani? Karatasi moja inatosha: majina yao, fremu ilipo, jumla ya kamisheni na fungu la kila mmoja. Isainiwe kabla ya kwenda kuiona fremu, na mpangaji apewe nakala yake.

Dalali atakayekataa kusaini, mteja amwache na atafute mwingine.