Kompyuta ya kliniki imezeeka, haijafa: acheni kutusubirisha "mfumo mpya"

1/5
Nesi wenu wa Ijuganyondo nimerudi. Leo siongelei homa wala maziwa. Naongelea kompyuta ya pale dirishani, maana nayo inaweza kumkosesha mwanao chanjo.

2/5
Surua-rubela dozi ya kwanza ni miezi 9, ya pili ni miezi 18. Hapo katikati mtoto anatembea, ndizi anakula mwenyewe, mama karudi shambani au sokoni. Dozi ya pili inasahaulika kirahisi. Meseji moja ingetosha: "Mama, Jumanne mlete mtoto." Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi tuliiomba hiyo meseji. Jibu likawa: "Huu mfumo ni wa zamani, subirini mpya." Sisi tukasubiri. Surua haisubiri mtu.

3/5
Nabisha! Meseji hiyo inataka vitu viwili tu: tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mama. Fundi anaweza kuweka programu ndogo pembeni ya mfumo uliopo, isome orodha, itume meseji, bila kubomoa chochote.

Sio ndoto. Mwaka 2012 Wazazi Nipendeni ilianza kutuma ujumbe wa bure kwa wajawazito, hata mwenye kitochi aliupata. Hakuna aliyeambiwa anunue kwanza simu ya kupangusa. Wizara ya Afya nayo ina mtambo wa kati uitwao HIM, unaopokea taarifa kutoka hospitali zenye mifumo tofauti, kila moja ikibaki na mfumo wake.

Na chanjo zenyewe je? Penta ilikuja 2009, za nimonia na kuhara zikaanza Januari 2013. Tulifunga kliniki tujenge upya? Hapana. Tulizipachika kwenye mahudhurio yaleyale ya kliniki.

4/5
Kuna atakayesema mitambo ya zamani ina mianya ya wezi wa taarifa. Kweli kabisa. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Januari 2020. Kompyuta ya hivyo isiunganishwe intaneti ikiwa imebeba majibu ya vipimo vyako. Ibadilishwe.

Ila sisi watu wa Kagera tunakijua kibanja. Mgomba wenye mnyauko unang'olewa, lakini ukitaka aina mpya ya ndizi unapanda chipukizi katikati ya migomba inayozaa. Ukifyeka kibanja chote, mwaka huu watoto watakula nini?

5/5
Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Muulize diwani, iulize na kamati ya kituo: "Meseji za kukumbusha chanjo zinaanza lini, kwa kompyuta hii hii iliyopo?" Dai tarehe. Ahadi tumeshashiba.

Wakati huo, kadi ya mtoto iweke kwenye mfuko wa nailoni, mbali na maji na panya. Ukibadili namba ya simu, tuambie. Ukihamia Muleba, ondoka nayo kadi, usidhani kompyuta za kule zinaongea na za huku.

Na kama mwanao ana miezi 18 na hujarudi, njoo siku ya kliniki na kadi mkononi. Hatugombezi mtu. Mtumie na jirani mwenye mtoto mdogo.