Ukurasa wa Vijana: Eropleni na Upepo wa Ubavuni



Vijana wetu, katika Suratul-Mulk Mwenyezi Mungu atutaka tuwatazame ndege angani juu yetu. Atazamaye kwa akili ataona kuwa ndege apigwaye na upepo wa ubavuni huelekeza mdomo upande mmoja, na mwili ukaenda upande mwingine. Hayo ndiyo yaipatayo eropleni. Wanahesabu huyapima kwa vekta, yaani kipimo chenye ukubwa na mwelekeo pamoja.

Tuseme eropleni yapita juu ya Bombo, katika milima ya Upare, imeelekeza pua kaskazini, karibu sawa na Kibla chetu huku. Mwendo wake hewani ni kilomita 200 kwa saa, na upepo wa baharini watoka mashariki kwa kilomita 45 kwa saa. Chora mshale wa sentimita 20 kwenda kaskazini. Kwenye ncha yake chora wa pili, sentimita 4.5, kwenda magharibi. Kisha unganisha mwanzo wa ule wa kwanza na ncha ya huu wa pili. Mstari huo ndio njia ya kweli. Upime: ni sentimita 20.5, yaani kilomita 205 kwa saa.

Tazameni ajabu! Upepo umemwongezea rubani mwendo, lakini baada ya saa moja yuko kilomita 45 magharibi ya alikokusudia. Penye wingu na milima, kosa hilo laweza kuangamiza roho za watu.

Rubani mjuzi hugeuza pua upande upepo utokako, yapata nyuzi 13. Mwendo wake juu ya ardhi hupungua ukawa kilomita 195 hivi, lakini hushika njia yake akafika.

Nanyi wazazi, mtoto ajapo na daftari la hesabu, msimwambie kuwa hayo si ya dini. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alitumia hesabu za pembetatu kutafuta Kibla cha mji wa Ghazna.

Na ninyi vijana, zama hizi zina upepo wake. Kwenda mbio si kufika, wala nia njema peke yake haimfikishi mtu. Yampasa aujue upepo umsukumao, aupime, kisha aelekeze uso wake kwa kadiri yake.

Wabillahi tawfiq.