Mashabiki Hujenga Bendi, Tena Huweza Kuibomoa

Wako watu ambao wakisikia neno shabiki, picha inayowajia ni ya mtu asiye na kazi, aliyevaa fulana yenye jina la bendi, anayepiga mayowe mbele ya jukwaa mpaka sauti inamkauka. Kwao wao, maoni ya mtu kama huyo hayana thamani. Wanasema kupiga muziki waachiwe wanamuziki, na kuupima muziki waachiwe wenye elimu ya muziki. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ili nieleze sababu zangu, nawaomba wasomaji tufunge safari mpaka milima ya Marekani, kwenye uwanja wa muziki uitwao Red Rocks.

Uwanja huo uko kando ya mji mdogo wa Morrison, katika jimbo la Colorado, nao ni mali ya jiji la Denver. Ulifunguliwa mwaka 1941. Aliyeuchora ni Burnham Hoyt, na waliotoa jasho ni vijana waliokosa kazi wakati uchumi ulipoanguka, ambao serikali yao iliwaajiri kwa kazi za mikono. Hoyt hakutaka kushindana na mlima. Aliyaacha majabali mawili mekundu, kila moja likiwa na urefu wa futi 300 hivi, yasimame kama kuta kulia na kushoto, kisha akapanga safu 70 za viti kati yake, zikiteremka mpaka jukwaani. Watu wapatao 9,500 huketi humo, na paa lao ni mbingu. Mahali penyewe ni juu ya futi 6,400 kutoka usawa wa bahari, yaani juu kuliko Nairobi. Mtu wa Mombasa akiambiwa apande ngazi zile kwa haraka, atafika juu akihema asiweze hata kuuliza kiti chake kiko wapi.

Wanamuziki wa kila aina wamepiga pale, wakiwemo Beatles mwaka 1964. Lakini wanaoupenda uwanja huo kwa mapenzi ya pekee ni wafuasi wa zile bendi ambazo Wamarekani huziita bendi za jam. Bendi ya namna hii huanza wimbo kama watu wote wanavyoujua, kisha ikauachilia. Mpiga gitaa anaondoka na njia yake, wa besi anamfuata, wa ngoma anabadili mwendo, na wimbo wa dakika nne unakwenda dakika ishirini kabla haujarudi ulikotoka. Hawakupatana mapema watapitia wapi. Wakubwa wao ni Grateful Dead, bendi iliyozaliwa California mwaka 1965 ikiwa na mpiga gitaa Jerry Garcia, ambayo ilipiga Red Rocks kati ya mwaka 1978 na 1987. Baada yao wakaja Phish, vijana waliokutana chuoni huko Vermont mwaka 1983. Hao Phish hubadilisha nyimbo zao kila usiku. Mwaka 2017 walipiga usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wasirudie wimbo hata mmoja!

Sasa hebu tufikiri. Wimbo wa santuri naweza kuusikiliza leo, nawe ukausikiliza kesho, tukabishana juu ya kitu kile kile. Wimbo wa bendi hizi ukishapigwa jinsi ulivyopigwa, umekwisha. Hata wanabendi wenyewe hawawezi kuurudia. Basi atakayetuambia ulikuwaje ni nani, kama si yule aliyekuwako?

Na waliokuwako husema mengi. Husimulia jinsi jua linavyozama nyuma yao na majabali yakageuka rangi, kisha taa za Denver zikaanza kuonekana mbali kule nyuma ya jukwaa. Husema kwamba mawe yale huishika sauti, ngoma ikawa kama inapigwa ubavuni mwako. Wa safu za juu hulalamika kwamba upepo ukija huchukua nusu ya gitaa, lakini hujifariji kwamba wao wanaona bendi, watu na mji kwa pamoja. Wako pia wanaosimulia mvua. Mwaka 1979 Grateful Dead walipiga hapo usiku mmoja tu, kisha mvua ikawalazimisha kuhamia chini ya paa mjini Denver.

Lakini waulize ni usiku upi uliokuwa bora kuliko zote, ndipo utakapoona vita. Huyu atasema wa kwanza, yule atasema wa tatu. Huyu anasifu wimbo uliorefushwa, yule anasema ulirefushwa kwa sababu bendi ilikuwa imepotea njia. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami naongeza kwamba bila ya kuvutana huko ngozi ya ngoma hailii. Ushahidi wa mtu mmoja ni wa shaka. Ushahidi wa watu elfu wanaobishana kwa miaka, mwisho huacha ukweli fulani chini, kama chai iachavyo majani.

Nitatoa mfano. Grateful Dead waliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yao, na mwaka 1984 wakaanza kuwatengea sehemu maalumu ya kusimamisha maikrofoni zao. Mashabiki walibadilishana kanda mkono kwa mkono, na mila yao ilikuwa kwamba kanda haiuzwi. Zikapita pia kanda alizorekodi fundi wa sauti wa bendi, Betty Cantor-Jackson. Kwa miaka mingi wenye kanda hizo walishikilia kwamba onyesho la Mei 8, 1977, katika Chuo Kikuu cha Cornell, lilikuwa miongoni mwa yaliyo bora kabisa. Mwenye elimu angeweza kuwacheka. Lakini mnamo 2011 rekodi hiyo ikachaguliwa kuwekwa katika hazina ya sauti inayohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Lile la Red Rocks la Julai 8, 1978, ambalo mashabiki walilisifu vivyo hivyo, lilitolewa rasmi mwaka 2016, miaka 38 baadaye. Masikio ya wale waliovaa fulana yalikuwa yametangulia.

Kuna watakaonijibu kwamba shabiki ni mtu wa kusifu tu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naam, hilo ni kweli kwa mashabiki wengi duniani. Lakini hawa wa bendi za jam si wepesi wa kusifu. Huandika kila wimbo uliopigwa na ulidumu dakika ngapi. Bendi ikizembea husema wazi kwamba leo tumeibiwa, na kesho yake wanarudi wakiwa na tikiti nyingine. Kosa lao ni jingine: wapo wanaoshughulika na kuandika na kulinganisha mpaka wakasahau kucheza. Mtu amesafiri maili mia, amekaa chini ya nyota, naye anahesabu dakika kama karani wa ghala!

Hata hivyo, hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ndilo lililonifanya nichague kichwa cha makala haya. Mwezi Agosti, mwaka 1996, Phish walipiga Red Rocks usiku minne mfululizo. Ndani ya uwanja watu walipata burudani yao. Huko nje, Morrison, mji wa watu mia chache tu, ulijaa wageni wengi ambao hawakuwa na tikiti na hawakuwa na mahali pa kulala. Barabara zikaziba, wenyeji wakakasirika, ugomvi na polisi ukazuka na watu kadhaa wakakamatwa. Matokeo yake ni kwamba bendi hiyo haikupiga tena Red Rocks mpaka mwaka 2009. Miaka kumi na mitatu! Aliyekuwa kijana mwaka ule alirudi akiwa baba wa watoto.

Mashabiki wengi husema hadi leo kwamba waliadhibiwa kwa makosa ya wengine. Nawahurumia, kwa maana walilipa, wakaketi, wakasikiliza. Lakini sikubali kwamba mikono yao ilikuwa mitupu. Mtu anayejua kwamba rafiki yake anakuja bila tikiti, akamwambia njoo tu, huko nje nako kuna raha yake, huyo ameshiriki. Mwenyeji wa Morrison hakuomba kuletewa tamasha mlangoni. Haki ya kusikiliza muziki haiwi haki ya kulala kwenye kibaraza cha mtu. Tena wale waliojidai kuipenda bendi kuliko wote ndio walioifungia mlango wa uwanja ulioipendeza kuliko wote.

Kwetu hapa tuna la kujifunza. Tuliopenda muziki wa dansi twajua maana ya wimbo kuachiliwa. Miaka ya 1970 na 1980 bendi kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilikuwa zikipiga hapa Nairobi, na wimbo ulipofika kwenye sebene, gitaa lilikamata uwanja na hakuna aliyetazama saa. Santuri ndogo haikutosha. Wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na msikilizaji akainuka kuugeuza wakati miguu ndiyo kwanza imepata moto. Tunayo santuri, na tunashukuru. Lakini wimbo jinsi ulivyopigwa Jumamosi fulani mpaka alfajiri, uko wapi? Uko vichwani mwa waliocheza, na vichwa hivyo sasa vina mvi.

Basi nawaambia wale waliokuwako: msione haya kusimulia. Msingoje mtaalamu aje kuwauliza. Kama una kanda kuukuu kabatini, itoe uisikilize, uandike juu yake ni bendi gani na ni mwaka gani. Kama huna kanda, waambie wanao nani alipiga gitaa la kwanza na watu walifanya nini wimbo ulipobadilika. Mwingine atakuja kukupinga, aseme hapana, usiku bora ulikuwa wa wiki iliyofuata. Mpe kiti mbishane.

Na ninyi vijana mnaofurika kwenye matamasha ya siku hizi, lipeni tikiti zenu, semeni kweli bendi ikipiga vibaya, na mkitoka nje kumbukeni kwamba jirani wa uwanja naye ana usingizi wake. Mlango wa bendi yenu mwaweza kuufunga ninyi wenyewe kwa usiku mmoja, na kuufungua tena kukachukua miaka kumi na mitatu.