Mnada wa petroli umefutwa. Usirudi tena!

Goma, Novemba 2024

Wandugu wa Mapendo, wa Birere, wa Majengo na kwingine kote mjini,

Mwezi uliopita Kinshasa ilitangaza kwamba mnada wa bloki 27 za petroli umefutwa. Waziri wa Hidrokaboni, Aimé Sakombi, alitoa sababu: ofa zenye kukubalika zilikosekana, zingine zilichelewa, ushindani haukuwepo. Ni mnada ule ule Rais Tshisekedi aliufungua kwa shangwe tarehe 28 Julai 2022, na bloki zingine zilikuwa zinaingia mpaka ndani ya Parke ya Virunga. Miaka miwili ya kusogeza tarehe, kisha hakuna kitu.

Kuko vijana wenzetu waliosikitika. Tumewasikia hapa Mapendo, kwenye kona: "Ile ilikuwa kazi yetu." Tunawaelewa. Sisi tunaoandika haya tuko na lisansi, kati yetu kuko hata mwenye lisansi ya jeolojia, na leo anauza unite chini ya mwamvuli. Mwengine anaendesha moto ya mtu na kila jioni anapeleka makuta ya mwenyewe. Hatusemi kama watu walioshiba. Tunasema tu kwamba kazi ile ilikuwa ya kwenye karatasi.

Tazameni jirani. Uganda iligundua petroli yake kwenye ziwa Albert mwaka 2006. Leo ni 2024, na hata pipa moja halijauzwa. Miaka 18! Mafuta yale ni mazito, yanaganda kama samli, njo maana bomba la kuyapeleka Tanga, kilometa 1,443, linapaswa kupashwa moto njia yote. Na mabenki mengi makubwa ya Ulaya yamekataa kuweka mkono katika kazi hiyo. Uganda iko na amani upande ule, iko na barabara, iko na TotalEnergies na Wachina. Sisi tuko na nini? Kijana wa Mapendo mwenye miaka 25 akingoja kama Muganda, atafika 43 bila kuona mshahara wa kwanza.

Na wakati huo soko litakuwa namna gani? Shirika la Kimataifa la Nishati, lile la Paris, lilisema Mei 2021 kwamba kama dunia inataka kufika sifuri ya hewa chafu mwaka 2050, visima vipya havihitajiki. Mwaka 2023 likasema mahitaji ya petroli, gazi na makaa ya mawe yatafika kilele mbele ya 2030. Motari wa Kigali wameanza kupanda moto za betri. Kobalti ya betri nyingi za magari ya dunia inatoka kwetu, Kolwezi.

Hatusemi petroli itakufa kesho. Wakubwa wa biashara hiyo bado wanachimba, na wamepata faida kubwa sana. Lakini soko likianza kupungua, anayebaki ni yule mwenye mafuta ya bei rahisi karibu na bahari, kama Waarabu wa Ghuba. Wa kwanza kuachwa ni yule mwenye mafuta ya mbali, ya gharama, katikati ya volkano na vita. Huyo ni nani? Ni sisi. Tutabaki na mashimo, na deni juu yake.

Kuko wanaotujibu: "Wazungu walichoma yao wakatajirika, sasa wanataka sisi tulinde miti yao." Neno hilo liko na ukweli, hatulikatai. Norvège inachimba paka leo na inatufundisha mazingira! Lakini hatukatai petroli kwa kumfurahisha Mzungu. Ni Mzungu aliyekuja kuitafuta: kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipima chini ya ziwa Edward mwaka 2014, kisha ikaondoka. Samaki wa ziwa hilo njo wanakulisha soko zetu. Likichafuka, mama wa Vitshumbi atakula bloki?

Na Congo si mgeni wa petroli. Muanda, kule baharini, inachimbwa tangu miaka ya 1970. Inauzwa mbichi inje ya nchi. Esansi tunayoweka kwenye moto zetu inapanda na malori toka Mombasa na Dar es Salaam, na sisi tunainunua kwa kadafi wa barabarani. Muulizeni kijana wa Muanda kama alipata ile kazi.

Gazi ya ziwa Kivu ni habari ingine, na tusichanganye. Ile iko chini ya miguu yetu, ni hatari ikilala tu, na Rwanda inaifanya umeme huko Karongi tangu karibu miaka kumi: megawati 26. Sisi ziwa ni lile lile, lakini umeme wa Matebe ukikatwa na vita Rutshuru, Mapendo inarudi kwenye bujiya na makala. Mwaka 2023 serikali ilitangaza washindi wa bloki tatu za gazi, kampuni mbili za Marekani na moja ya Canada. Dekre ya tarehe 20 Mei 2011 inasema kontra za namna hiyo zitangazwe ndani ya siku 60. Kila ukurasa tunataka kuusoma, na tunataka umeme huo uanzie Goma kabla ya kuuzwa kwengine.

Rutshuru haikupiga kura Desemba 2023 juu ya vita. Wenye udongo hawakuulizwa hata nani awaseme bungeni, na bado udongo wao uliwekwa kwenye mnada. Basi ninyi waheshimiwa ambao Goma iliwachagua, swali ni lenu: siku Kinshasa italeta ramani mpya ya bloki, mutapiga kura ya kuondoa Virunga ndani yake, ndiyo au hapana? Mutujibu kwa maandishi, tutabandika jibu la kila mmoja hapa, na jina lake.